Mashindano ya Baiskeli Yakiahirishwa: Somo kwa Waandalizi, Waendeshaji na Wakaazi

ELIMU KWA UMMA

Uendeshaji baiskeli barabarani ni mchezo unaofaa sana katika ukanda wetu wa Meru na Embu. Tuna milima ya kupanda, hewa safi ya Mlima Kenya, na vijana wenye miguu iliyozoea kazi. Si lazima mtu awe bingwa. Mwalimu, fundi, mkulima wa kahawa na mwanafunzi wa chuo wanaweza kujisajili, wakalipa ada, wakavaa namba kifuani na kushindana siku moja.

Lakini mashindano ya watu wa kawaida ndiyo yanayoandaliwa kwa haraka zaidi. Kikundi hukutana, bango husambazwa kwenye WhatsApp, ada huanza kupokelewa kwa simu, na mambo ya polisi, ambulensi na barabara huachwa hadi wiki ya mwisho. Wiki hiyo ikifika, kunabaki njia mbili: kuahirisha na kuwaudhi watu, au kuendelea na kutumaini hakuna atakayeumia.

Somo la toleo hili ni kuhusu njia hiyo ya kwanza. Tunataka mkaazi ajue kwa nini mashindano huahirishwa, nani ana mamlaka gani, dalili zipi zinaonyesha kuwa maandalizi hayajakamilika, na haki yake ni ipi akiwa tayari amelipa.

Kuahirisha, kufuta na kusimamisha

Maneno haya matatu huchanganywa katika matangazo mengi, ilhali maana zake ni tofauti.

Kuahirisha ni kusogeza shughuli mbele. Ahadi bado ipo, na mwandalizi ana deni la kutaja tarehe nyingine.

Kufuta ni kuondoa shughuli kabisa. Hapo hakuna tarehe nyingine, na suala la kwanza ni kurudisha pesa za watu.

Kusimamisha ni kukatiza shughuli ambayo tayari imeanza, kwa mfano mvua kubwa inaponyesha au ajali inapotokea njiani.

Mwandalizi anayesema "tumeahirisha" bila kutaja tarehe mpya, wala siku atakayoitaja, amefuta mashindano bila kusema hivyo. Mkaazi ana haki ya kumuuliza ni lipi kati ya hayo mawili.

Aibu ya kuahirisha na hasara ya kutokuwa tayari

Waandalizi wengi huogopa kuahirisha kwa kuwa huonekana kama kushindwa. Historia ya michezo nchini mwetu inasema jambo tofauti.

Wakaazi wa Meru wanakumbuka kuwa uwanja wa Kinoru ulikuwa miongoni mwa viwanja vilivyokuwa vikitayarishwa kwa mashindano ya soka ya CHAN ya mwaka 2018. Mnamo Septemba 2017, Shirikisho la Soka Afrika, CAF, liliipokonya Kenya uenyeji kwa sababu matayarisho hayakuwa yamefikia kiwango kilichotakiwa. Mashindano yakapelekwa Moroko.

Miaka saba baadaye, Kenya, Tanzania na Uganda zilipewa uenyeji wa CHAN kwa pamoja, ifanyike Februari 2025. Januari mwaka huo CAF ilitangaza kuwa mashindano yameahirishwa hadi Agosti ili viwanja na miundombinu mingine ikamilishwe. Wengi walinung'unika. Agosti ilipofika mashindano yalifanyika, na Wakenya walijaza uwanja wa Kasarani kushangilia timu yao.

Katika baiskeli pia upo mfano. Tour du Rwanda ya mwaka 2021 ilikuwa ifanyike Februari. Kwa sababu ya janga la korona ilisogezwa hadi Mei, na ikafanyika. Miaka minne baadaye, Septemba 2025, Kigali ilikuwa mwenyeji wa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, yaliyofika Afrika kwa mara ya kwanza. Mashindano hayo ya wiki moja yalipewa Kigali mwaka 2021, kwa hiyo matayarisho yalichukua miaka minne. Barabara zilifungwa kwa ratiba iliyotangazwa mapema, shule za jiji zikafungwa wiki hiyo, na watumishi wa umma wakaombwa kufanyia kazi nyumbani.

Hakuna anayetaka kikundi cha vijana wa Runyenjes au Timau kifanye kama Kigali. Lakini kanuni ni ileile: barabara ya umma haigeuki uwanja wa michezo mpaka kazi ya kuigeuza ifanywe.

Barabara zetu hazisamehe

Tuchukue barabara kuu ya Embu hadi Meru. Inapita Runyenjes, inavuka hadi Tharaka Nithi kupitia Chuka, kisha inaingia Meru kupitia Igoji na Nkubu. Kwa kuwa inakatiza mabonde ya mito inayoshuka kutoka Mlima Kenya, imejaa miteremko mirefu inayoishia kwenye kona na daraja. Daraja la Nithi linajulikana nchini kote kwa huzuni. Mnamo Julai 24, 2022, basi lililokuwa limetoka Meru lilitumbukia hapo na zaidi ya watu 30 wakafariki.

Sasa mweke mwendeshaji baiskeli kwenye mteremko kama huo. Akishuka kwa kasi ya kilomita 60 kwa saa, anasafiri karibu mita 17 kila sekunde. Akiona ng'ombe barabarani na akachukua sekunde moja kabla ya kubana breki, tayari amekwenda mita hizo 17 bila kupunguza mwendo. Na kasi ikiongezeka maradufu, umbali wa kusimama baada ya kubana breki huwa mara nne. Lami ikiwa imelowa, umbali huo huwa mrefu zaidi. Baiskeli nzito za kubebea mizigo, zile tunazoziita black mamba, hazikutengenezwa kwa mteremko wa aina hiyo.

Barabara hiyohiyo hutumiwa na malori, matatu, bodaboda na magari ya miraa yanayokimbizana na saa kuelekea Nairobi. Asubuhi ya Jumapili kuna waumini wanaotembea kando ya lami. Siku ya soko kuna mikokoteni na mifugo. Machi hadi Mei, na tena Oktoba hadi Desemba, kuna mvua. Mwezi wa Julai, ukungu huweza kufunika sehemu za juu hadi saa tatu asubuhi.

Hata mashindano yenye wataalamu hayakosi hatari. Suleiman Kangangi, Mkenya aliyekuwa nahodha wa timu ya Amani, alifariki Agosti 27, 2022 baada ya kuanguka akishindana huko Vermont, Marekani. Alikuwa mwendeshaji wa kulipwa mwenye uzoefu wa miaka mingi. Ikiwa hatari inaweza kumpata yeye, mwanafunzi anayeshindana kwa mara ya kwanza anahitaji ulinzi zaidi.

Hesabu ambayo waandalizi wengi huisahau

Chukua mashindano ya kilomita 80. Mwendeshaji hodari anakwenda wastani wa kilomita 35 kwa saa, na wa mwisho anakwenda kilomita 18 kwa saa. Hodari atamaliza baada ya saa 2 na dakika 17. Wa mwisho atamaliza baada ya saa 4 na dakika 27. Wakati yule wa kwanza anavuka mstari, wa mwisho bado yuko nyuma kwa karibu kilomita 39.

Maana yake ni kwamba ambulensi moja inayofuata viongozi inaweza kuwa karibu kilomita 40 mbele ya mtu aliyeanguka. Ikiwa iko nyuma kabisa, kiongozi akianguka ataingoja vilevile. Na ikimbeba majeruhi mmoja hadi hospitali ya Chuka au Nkubu, waliobaki barabarani hawana ambulensi kabisa. Ndiyo sababu tunasema ambulensi pekee ikiondoka, mashindano yasimame mpaka nyingine ifike.

Ipo njia rahisi kwa mashindano ya wasio wataalamu: badala ya kwenda mji hadi mji, tumieni mzunguko mfupi. Kilomita 80 zinaweza kuwa mizunguko minane ya kilomita 10. Njia panda za kulindwa zinapungua, ambulensi iliyo popote kwenye mzunguko haiko mbali na yeyote, na watazamaji wanawaona waendeshaji mara nane badala ya mara moja. Barabara ya kaunti yenye magari machache inafaa zaidi kwa jambo hili kuliko barabara kuu.

Nani ana mamlaka gani?

Hapa ndipo waandalizi wengi hukwama. Wakishapata barua ya ofisi moja, hudhani wamemaliza. Jedwali la Nne la Katiba ya mwaka 2010 limegawa kazi kati ya serikali mbili.

Serikali ya kaunti inasimamia barabara za kaunti, huduma za afya pamoja na ambulensi, michezo na vifaa vyake katika kaunti, na huduma za kukabiliana na majanga.

Serikali ya kitaifa inasimamia polisi na barabara kuu za kitaifa. Barabara kuu kama ya Embu hadi Meru iko chini ya Mamlaka ya Barabara Kuu, KeNHA. Nyingine ziko chini ya KeRRA au KURA.

Shirikisho la baiskeli nchini ndilo linaloujua mchezo wenyewe: waamuzi, sheria za mbio na usalama wa msafara. Sheria ya Michezo ya mwaka 2013 inataka mashirika ya michezo yasajiliwe na Msajili wa Michezo.

Kwa hivyo barua ya afisa wa michezo wa kaunti haifungi barabara kuu. Ruhusa ya polisi wa Embu haiwafikii wenzao wa Tharaka Nithi na Meru bila mawasiliano. Mashindano yanayotoka Embu hadi Meru yanapita kaunti tatu, na kila moja ina hospitali zake, polisi wake na watu wake wa kuarifiwa.

Jambo hili linatuhusu pia sisi tunaofanya kazi serikalini. Kiongozi akialikwa kupeperusha bendera ya kuanzisha mbio, aulize kwanza idhini ziko wapi. Akisimama kwenye mstari bila kuuliza, mwananchi atadhani serikali imekagua kila kitu.

Dalili saba kwamba mashindano hayako tayari

Mwendeshaji, mzazi au chifu anaweza kuuliza maswali haya siku kumi kabla ya mbio. Jibu likikosekana kwa mawili au matatu, ni afadhali mashindano yasogezwe.

1. Ramani ya njia haijatolewa, au inabadilika kila siku.

2. Hakuna barua ya polisi wala ya mamlaka ya barabara inayotaja tarehe na saa kamili.

3. Hakuna anayejua idadi ya njia panda, wala nani atasimama kwenye kila moja akiwa na kizibao cha kung'aa na bendera.

4. Ambulensi "itapatikana siku hiyo". Hospitali zilizo njiani hazijaarifiwa.

5. Hakuna gari la mbele la kutangulia msafara, wala gari la mwisho la kuwachukua waliochoka au walioharibikiwa na baiskeli.

6. Usajili hauulizi jina na namba ya simu ya mtu wa kuarifiwa dharura ikitokea, na walio chini ya miaka 18 wanasajiliwa bila idhini ya mzazi.

7. Mstari wa kumalizia uko katikati ya soko au stendi ya matatu, bila vizuizi. Katika mbio rasmi za kimataifa, vizuizi huwekwa angalau mita 300 kabla ya mstari na mita 100 baada yake, kwa kuwa hapo ndipo waendeshaji hukimbia kwa nguvu zote huku wameinamisha vichwa.

Uamuzi ufanywe lini?

Kuahirisha usiku wa kuamkia mbio kunaumiza. Kijana aliyefunga baiskeli juu ya matatu kutoka Maua au Siakago ameshalipa nauli. Mama aliyenunua mahindi na maharagwe ya githeri ya watu mia mbili hawezi kuyarudisha dukani. Mwenye nyumba ya wageni amewakatalia wateja wengine.

Ndiyo maana tunapendekeza waandalizi waweke siku ya uamuzi tangu mwanzo, angalau wiki mbili kabla ya mbio. Siku hiyo kamati ikutane, iangalie orodha, na ijibu swali moja: je, idhini, ambulensi, bima na waelekezi wa njia vimethibitishwa kwa maandishi? Kisichokuwa na maandishi kihesabiwe kuwa hakipo. Baada ya siku hiyo, sababu za kuahirisha ziwe zile zisizoweza kuonekana mapema, kama mafuriko, barabara kukatika au dharura ya usalama.

Lakini hata asubuhi yenyewe ya mbio, ambulensi isipofika, mbio zisianze. Hasara ya githeri inalipika. Heri nusu shari kuliko shari kamili.

Tena, kuahirisha si kubadilisha tarehe kwenye bango tu. Idhini ya polisi, mkataba wa ambulensi na bima vilitolewa kwa siku maalum. Havihamii vyenyewe hadi tarehe mpya. Mwandalizi lazima arudi kila ofisi, na mwendeshaji aulize kama amerudi.

Tangazo linalofaa

Wengi tumezoea kusoma kuwa shughuli imeahirishwa "kwa sababu zisizoepukika". Maneno hayo hayamwambii mtu lolote, na mara nyingi sababu yenyewe ilikuwa inaepukika. Tangazo zuri hujibu mambo matano: nini kimeahirishwa, kwa nini, hadi lini, pesa zitafanywaje, na nani aulizwe. Mfano ni huu:

"Mashindano ya baiskeli yaliyopangwa kufanyika Jumapili hii yameahirishwa. Tumepata ambulensi moja badala ya tatu, na hatujapewa idhini ya kutumia barabara kuu. Tarehe mpya itatangazwa kabla ya mwisho wa mwezi. Aliyelipa anaweza kurudishiwa pesa zake zote au kuwekewa nafasi katika mbio zijazo. Kwa maswali, piga simu kwa katibu wa kamati."

Tangazo hilo litawaudhi watu kwa siku moja. Lakini watajua kuwa walioandika wanasema ukweli, na watarudi.

Haki yako ukiwa umelipa

Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mtumiaji wa huduma haki ya kupata huduma za kiwango kinachofaa, kupewa maelezo anayohitaji, kulindwa afya na usalama wake, na kufidiwa akipata hasara au jeraha kwa sababu ya kasoro za huduma. Anayelipa ada ya mbio ni mtumiaji wa huduma.

Fanya mambo haya manne. Hifadhi ujumbe wa M-Pesa na fomu ya usajili. Soma masharti kabla ya kulipa, hasa yanayohusu kuahirishwa. Dai lako lipeleke kwa maandishi, hata kama ni kwa ujumbe mfupi wa simu. Na kumbuka kuwa namba yako ya kitambulisho na maelezo ya afya yako yanalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Mbio zikifutwa, mwandalizi hana ruhusa ya kuyauza wala kuyasambaza.

Ukiwa mkaazi wa kando ya njia

Hata usiposhindana, mbio zinakuhusu. Uliza mapema barabara itafungwa saa ngapi na njia mbadala ni ipi, hasa ukiwa na mgonjwa nyumbani au maziwa ya kupeleka kwenye chama cha ushirika. Siku ya mbio funga mifugo na mbwa, na usiwaache watoto wavuke katikati ya msafara.

Mwendeshaji akianguka mbele yako, zuia kwanza magari yanayokuja. Usimwinue wala kumvua helmeti kwa haraka, kwa kuwa huenda ameumia shingo. Zuia damu kwa kitambaa safi, piga 999 au 112, na utaje mahali kwa jina la soko, shule au daraja lililo karibu.

Maswali ya kujadili kwenye baraza, kikundi au darasani

1. Katika eneo lenu, ni barabara gani ya kaunti inayoweza kufanywa mzunguko wa kilomita 10 bila kukata njia ya kwenda hospitalini?

2. Mzunguko huo una njia panda ngapi? Zihesabuni kwa miguu, si kwa kukisia.

3. Kamati yenu ikikosa ambulensi asubuhi ya mbio, nani ana mamlaka ya kusema "hatuanzi"? Andikeni jina lake kabla ya kupokea ada ya kwanza.

4. Mbio zikiahirishwa, nani katika kijiji atapata hasara, na mnaweza kuipunguza vipi?

Kikundi kitakachokuwa na majibu ya maswali haya manne kitaenda kwa afisa wa michezo, polisi na mamlaka ya barabara kikijua kinachoomba. Kisichokuwa nayo kina kazi ya kufanya kabla ya kuchapisha bango.